Mchango Ulipombana Mama Mdogo

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni nabishania bei ya mafuta ya alizeti, simu ikatetemeka. Kamati ya harusi ya mtoto wa jirani wa binamu yangu ilikuwa inanikumbusha kwa upole, na hii ni mara ya pili siku hiyo, kwamba mchango wangu bado haujafika. Tumbo likanikaza pale pale. Muuza mafuta akaniuliza, "Mama, vipi, unaumwa?" Nikamjibu ni mchango. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanishauri nichemshe tangawizi.

Nilicheka mpaka nikapoteza bei niliyokuwa nimeshaipata. Wenzangu mliokulia huku kwetu mnaelewa. Neno ni moja, maumivu ni mawili. Mchango ni kile unachotoa watu wakioana. Mchango pia ni tumbo la kunyonga, hasa lile la akina mama, linalokuja na mwezi na kuondoka likijisikia. Wakubwa wanayatenganisha kwa sikio tu. Mimi, darasa la tatu pale Mpanda, sikio hilo nilikuwa sijapewa, na kwa sababu hiyo ndoa ya Mama Mdogo Vero ilipita kwenye tundu la sindano.

Msinione mjinga. Ushahidi ulikuwepo. Baba akirudi na kadi ya harusi mfukoni, chakula kinamshinda, anasema, "Mwezi huu mchango umenibana." Bibi, katika nyumba hiyo hiyo, akimwongelea jirani asiyeonekana shambani, anasema, "Muacheni, mchango umembana." Nikaweka hili na lile pamoja, nikarudia kuyaweka ili nisikosee, nikapata jibu: mchango ni ugonjwa unaotokana na harusi. Baba anaupata kwa njia ya kadi. Wanawake wanaupata kwa njia ninayoendelea kuichunguza.

Jambo la pili mlijue ni kwamba mimi nililelewa juu ya magunia. Mama alikuwa anauza mchele uliokuja na malori kutoka Kasansa, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kudai nyongeza. Mteja akishapimiwa kopo lake, mkono wake haufungi mfuko, unasubiri. Muuzaji naye anajua unasubiri nini, anachota konzi moja, anaitupia juu kama vile anajikata nyama. Hiyo ndiyo nyongeza. Kwetu kipimo hakikuwa kipimo, kilikuwa salamu. Mazungumzo yenyewe yanafuata. Nilidai nyongeza ya nyanya, ya dagaa, hata ya ndizi moja. Mama akawa ananiita Dalali.

Basi, Jumapili moja baada ya misa, kamati ya harusi ya Mama Mdogo ilikaa uani kwetu, chini ya turubai la bluu ambalo siku za kazi tulianikia mpunga. Mama Mdogo Vero ni mdogo wake mama, tumbo moja. Alikuwa amekuja kukaa kwetu ili aolewe akitokea mjini. Mwenyekiti alikuwa Mjomba Gaspari, mtu aliyelipenda neno "ajenda" kiasi kwamba hata chai ikiletwa alisema tumefika ajenda ya chai. Upande wa bwana harusi alikuja shangazi yake kutoka Karema, Shangazi Yusta, mwanamke mrefu, kitenge chake bado kinanukia duka. Hakuja kuchanga. Alikuja kutazama. Tangu akalie kiti alikuwa hajacheka, na Mjomba Gaspari alishatoa vichekesho vyake vyote.

Aliyepaswa kutazamwa ndiye hakuonekana. Mama Mdogo alikuwa chumbani, chini, kwenye mkeka, magoti yamefika kifuani, uso una jasho kama ametoka kutwanga. Kila alipotaka kunyanyuka aje kusalimia, tumbo lilimrudisha. Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Mama akaingia mbio, akauliza kwa kunong'ona, "Ni nini tena? Shangazi mtu anamsubiri."

"Mchango umembana," Bibi akasema.

Nikasikia. Na nikatazama nje, nikaiona kamati nzima imekaa kwenye viti, inakula karanga, na mgonjwa wao yuko ndani anakufa. Damu ilinichemka. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Mjomba, Mama Mdogo kabanwa na mchango. Mpunguzieni."

Mjomba Gaspari akatabasamu kwa uvumilivu wa mtu mwenye cheo. "Mwanangu, bibi harusi hachangi. Anachangiwa."

"Basi mchangieni apone."

Wanaume waliona ni maneno ya mtoto. Wanawake walielewa mara moja. Khanga zilipanda midomoni, macho yakatazamana, na jirani yetu Mama Zawadi akafungua fundo la pindo la khanga yake, akatoa vidonge viwili vilivyofungwa kwenye karatasi. "Mpelekee," akaninong'oneza, "vilinisaidia mwaka ule." Mwingine akafungua pochi. Wa tatu akatoka akaenda nyumbani kwake kwa haraka, akarudi na chupa ya maji ya mizizi yenye rangi ya chai iliyosahauliwa. Hata Shangazi Yusta alitoa mkobani karatasi ya vidonge iliyobakia nusu, akavunja viwili, akaniwekea mkononi.

Nilitafuta kibakuli. Nilikuwa sasa naendesha harambee, na nilikuwa naifurahia. Kwa kila aliyetoa nilibaki nimesimama mkono wazi, nikauliza, "Nyongeza, Mama?" Wakaniongezea. Moyo wa mtoa nyongeza haufi hata kwenye dawa. Nilipoingia chumbani kibakuli kilikuwa na vyeupe, vya waridi, vya rangi mbili, nusu kidonge cha manjano, na chupa imekaa katikati kama mwenyekiti.

"Mungu ni mwema," Bibi akasema. "Meza vyote, mwanangu. Kimojawapo kitaijua njia."

Mama Mdogo alishanyoosha mkono. Alikuwa kwenye hali ya kumeza hata kibakuli. Mama akakidaka.

"Mama, mimi hata mchele wa malori mawili sichanganyi bila kuonja. Hivi tunavijua?"

"Havijui nani? Vimetoka kwa watu wazima."

"Watu wazima ndio wanaozikwa, Mama." Akanigeukia. "Dalali, kimbia kwa Dada Sabina. Muoneshe vyote. Mwambie tumbo linamnyonga mama yako mdogo, kama lile la kila mwezi. Atakachosema, ndicho uje nacho."

Dada Sabina alikuwa na duka la dawa baridi nyuma ya stendi. Siku hizi wanayaita maduka ya dawa muhimu. Zamani yalikuwa ya dawa baridi, na mimi mara ya kwanza kutumwa pale niligusa chupa zao zote kwa matumaini. Zilikuwa za moto kama kila kitu Mpanda. Dada Sabina mwenyewe ndiye alikuwa baridi. Alikimimina kibakuli changu juu ya kaunta, akavitenganisha kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele wa mtu asiyempenda.

"Hii harusi au msiba?"

"Harusi."

"Inaelekea kuwa vyote viwili." Akasukuma vya rangi mbili pembeni. "Hivi vya kuua wadudu wa vidonda na kifua. Tumbo la mwezi halina mdudu. Hii nusu ni ya malaria. Nusu yenyewe. Aliyebaki na nusu alipona nusu?" Akavisogeza vyeupe viwili, na vya waridi viwili, na vingine vyeupe vidogo. "Sasa hivi sikiliza. Rangi tofauti, majina tofauti, ukoo mmoja. Baba mmoja, mama mmoja. Akivimeza pamoja havitagawana kazi, vitagawana tumbo lake. Kimoja kinatosha. Na hivi vilivyofungwa kwenye karatasi vimeisha muda, vinaishi kwa mazoea."

"Na ya kwenye chupa?"

"Ya kwenye chupa aliyeipika anaijua. Mimi siijui, na pamoja na dawa yangu sitaki zikutane humo ndani zikaanza kujuana."

Nikaona mali yangu yote inatupwa. Nikaingia kazini. "Basi nipe hicho kimoja, halafu uweke na nyongeza."

"Dawa haina nyongeza."

"Basi punguza kidogo."

"Na kupunguza hakuna. Akimeza zaidi inamdhuru, akimeza pungufu haimsaidii. Kilichoandikwa ndicho hicho."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na bidhaa ambayo kipimo chake siyo salamu. Nilijaribu hata lile la mwisho, la kujifanya naondoka. Dada Sabina aliniacha niondoke mpaka mlangoni, hakuniita. Nikarudi mwenyewe.

"Tena bado siuzi," akasema. "Mpaka nijibiwe. Shika vizuri: ameshakula? Ana vidonda vya tumbo, au kuna dawa ya aina hii iliwahi kumletea shida? Maumivu ni yale yale ya kila mwezi, au ni mapya? Ana homa, anatapika? Na ana mimba, au siku zake zimemchelewa? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kuna dawa hazipewi mja mzito, na kuna tumbo la mja mzito ambalo halitibiwi dukani, linakimbizwa hospitali. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Ni maswali ya watu wazima. Huyapigii kelele. Unamuuliza mtu mzima sikioni."

Nikaondoka ninayaimba njiani yasidondoke. Niseme kwa haki kwamba maagizo niliyafuata kama yalivyo. Nilifika uani, kamati iko kwenye ajenda ya vinywaji, Mama yuko jikoni anapasha uji. Mtu mzima aliyekuwa karibu ni Bibi, pale mlangoni. Nikaliinamia sikio lake, nikanong'ona.

Bibi yangu, Mungu amlaze pema, sikio lile alikuwa analivaa kama hereni. "Unasemaje?"

Nikanong'ona zaidi kidogo.

"Sema basi, mtoto wewe, kama umekula."

Nikasema. Niliposema, upepo uliokuwa unapiga turubai tangu asubuhi ulikuwa ndiyo kwanza umetulia. "Dada Sabina anauliza Mama Mdogo ana mimba?"

"Nani ana mimba?" Bibi akajibu, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

Karanga ziliacha kutafunwa. Mama alitokea mlango wa jikoni na mwiko, uji unadondoka, akaniangalia kwa jicho ambalo kwa kawaida lilifuatiwa na kitu. Lakini hakunijia. Alikuwa anamtazama Shangazi Yusta.

Shangazi Yusta aliweka kikombe chake chini, taratibu, kama anaogopa kukiamsha. "Sisi," akasema, "tuliambiwa binti ametulia. Kijana wetu yuko Dodoma masomoni tangu mwezi wa pili, hajarudi hata mara moja."

Hata mimi nilielewa kwamba hapo pamezungumzwa jambo. Mama akaanza, "Shangazi, ni mtoto tu, ametumwa dukani..." akakwama. Angesema nini? Akisema hana, watasema ni mdogo wake, angesema nini kingine. Akikaa kimya, kimya kinaandika chenyewe. Mjomba Gaspari akapendekeza tuahirishe. Mama Zawadi akapendekeza tusali. Wanaume wawili wakakumbuka wana ng'ombe. Niliona viti vinaanza kusogea nyuma, na nilijua tu, kama mtu anayekulia sokoni anavyojua, kwamba mteja akishasogeza kiti mali haitoki tena.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama Mdogo Vero alitoka ameshika fremu kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, khanga kifuani, nywele zimelala upande. Hakuwatazama wageni. Aliniita mimi.

"Mwanangu, njoo hapa. Dada Sabina kasema anataka majibu?"

"Kasema hauzi mpaka ajibiwe," nikasema, nikamtajia maswali yote sikioni.

"Basi kamjibu hivi." Akavuta pumzi, tumbo likamkunja, akasubiri limwachie. "Mwambie mimba sina. Mwambie siku zangu zimeanza leo, zimekuja kwa wakati wake, hazijachelewa. Maumivu siyo mapya, ni haya haya tangu niko darasa la sita. Homa sina. Sijatapika. Vidonda vya tumbo sina, na dawa haijawahi kunidhuru. Sijala tangu asubuhi. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Rudia."

Nikarudia. Na kwa kuwa uani palikuwa kimya na mimi nimezoea kutangaza mchele, nilirudia kwa sauti yangu ya sokoni, neno kwa neno, siku zake, mwezi wake, darasa lake la sita, mbele ya kamati ya harusi na mgeni wa Karema. Mjomba Gaspari alikuwa anasoma kopo la karanga. Lilikuwa halina maandishi.

"Nenda," Mama Mdogo akasema. "Na ukikuta ana swali lingine, uje uniulize mimi. Hapa hapa."

Nikakimbia. Safari hii Dada Sabina alisikiliza mpaka mwisho, akatoa vidonge vichache vya ukoo ule ule aliousema, vya jina moja, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki. "Ale kwanza. Uji unatosha. Ameze kimoja kwa maji. Kingine mpaka saa zipite, nimeandika hapo, na asikiongezee ndugu yake hata kama jirani analia. Akipata homa, au maumivu yakihamia upande mmoja na kukaa hapo, au yakizidi badala ya kupungua, mwambieni mama yako mdogo asirudi kwangu, aende hospitali." Akanisogezea na kibakuli changu, kitupu. Vile vingine alivibakiza. Sikubishana. Nilikuwa nimeshajua duka lile.

Nilirudi nikakuta hakuna aliyeondoka. Nadhani hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza. Mama Mdogo alinywa uji pale pale mlangoni, ameegemea ukuta, akameza kidonge kimoja, na kamati nzima ikawa inamtazama usoni kama watu wanaotazama wingu. Bibi akauliza kwa nini kimoja tu wakati watu wamechanga vingi. Mama akamwambia nitakueleza, Mama. Alipojua kwamba hata chupa imezuiliwa, Bibi alisema ndiyo maana dunia inaharibika.

Ilichukua muda. Ajenda ya vinywaji iliendelea kwa sauti za chini, mpaka taratibu yale mabega ya Mama Mdogo yakashuka, mguu mmoja ukanyooka, halafu wa pili. Akafuta jasho. Akanyanyuka, akafunga khanga vizuri, akaja mpaka mbele ya Shangazi Yusta, akapiga goti.

"Shikamoo, Shangazi. Nisamehe, nilichelewa kukusalimia."

Shangazi Yusta alimwinamia. "Marahaba," akasema. "Linakushika hivyo kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na kijana wetu anajua?"

"Nilimwambia kabla hajaleta barua."

Shangazi akageuza shingo kwa Mjomba Gaspari. "Mwenyekiti, mlikuwa kwenye vinywaji. Endeleeni." Na kwa hilo viti vilisogea mbele tena. Mama aliingia jikoni, nikasikia anacheka peke yake, au analia, kwa Mama vitu hivyo vilikuwa vinafanana.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya gunia nikingoja hukumu yangu. Aliyenifuata hakuwa Mama. Ni kitenge kirefu kinachonukia duka.

"Wewe mtoto. Vile viwili vyangu, huyo dada alisemaje?"

"Alisema ni ndugu na vile vingine. Alisema mtu ale kwanza ndipo ameze, na hauzi mpaka ajue kama mtu ana vidonda vya tumbo."

Nikaona mkono wake umekaa juu ya tumbo, hapa juu, chini ya mbavu, na nikajua haukufika hapo leo.

"Vya goti hivi," akasema. "Nameza asubuhi, kabla ya chai. Miaka. Kila duka naenda, wananiuzia tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza." Akajiweka sawa kitenge. "Nipeleke."

Tukatoka kwa mlango wa nyuma, kamati imefika ajenda ya keki. Tulipoikaribia stendi akapunguza mwendo.

"Huyo dada anaulizaga kwa sauti?"

"Hapana, Shangazi. Mwenye sauti ni mimi."

"Basi wewe utasubiri nje," akasema, akaingia peke yake.